Usiongezewe grisi, badilisha gololi

Jameni, leo tuache kompyuta kando kidogo tuongee baiskeli. Nayo ni mashine, tena ile ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua akaielewa. Neno langu ni moja tu: gurudumu likianza kucheza, usikubali kuongezewa grisi peke yake. Badilisha gololi, zote, pande zote mbili.

Najua fundi wa kando ya barabara atakuambia nini. "Hii bado iko sawa, wacha niweke grisi." Utaendesha siku mbili tatu ukimsifu, maana kelele zimepotea. Lakini kupaka grisi mpya juu ya uchafu wa zamani ni sawa na kuficha ujumbe wa hitilafu kwenye programu na kuiacha hitilafu yenyewe. Mchanga na vumbi la chuma bado vimo ndani, na vinaendelea kusaga.

Fungua habu ya kawaida, kama ya Black Mamba. Utakuta ekseli, koni mbili zinazofungwa juu yake kama nati, vikombe viwili vilivyoshindiliwa ndani ya habu, na gololi katikati. Mara nyingi mbele huwa na gololi 10 kila upande, za inchi 3/16. Nyuma huwa 9 kila upande, za inchi 1/4. Hesabu zako kabla hazijamwagika!

Sasa angalia gharama. Gololi ndizo rahisi kuliko vyote. Koni nayo hutoka kwa spana, unaweka nyingine. Balaa ni kikombe. Kwenye habu nyingi hakibadilishwi, kwa hivyo kikiliwa, habu imekwisha. Hapo ni kufungua spoki zote, 36 au 40, na kusuka gurudumu upya. Na gololi mbovu haifi peke yake. Huchimba koni, kisha kikombe.

Jambo la pili nisilokubaliana nalo ni kubadilisha ile gololi moja tu iliyopasuka. Zile za zamani zimeshapungua kidogo, hata kama jicho halioni. Mpya ikiingia katikati yao inabeba mzigo karibu peke yake. Mwaka 1883 Friedrich Fischer, fundi wa Schweinfurt, Ujerumani, alibuni mashine ya kusaga gololi za chuma zilingane ukubwa. Kulingana huko ndiko kunakofanya beringi ifanye kazi. Ukichanganya mpya na kuukuu, umeharibu kazi hiyo.

Kuna watakaosema, "Nunua habu yenye beringi za kufungwa, uache kusumbuka." Hoja yao ina uzito. Beringi namba 6001 ina tundu la mm 12, nje mm 28, upana mm 8, hata iwe imetengenezwa na nani. Sisi waandishi wa programu tunapenda viwango vya wazi kama hivyo. Lakini kuitoa na kuishindilia bila kuiumiza kunataka vifaa maalum. Habu ya gololi inataka spana, kitambaa na mafuta ya taa. Kwa mtu aliye mbali na mji, mimi napiga kura kwa gololi.

Kupima ni rahisi. Shika rimu, isukume kushoto na kulia. Ikicheza, fungua. Safisha kila kitu kwa mafuta ya taa, kisha pitisha ncha ya kalamu kwenye njia ya gololi juu ya koni. Ikikwamakwama kwenye vishimo, koni nayo ibadilishwe. Weka grisi mpya na gololi mpya, kaza koni mpaka mchezo uishe lakini ekseli izunguke kwa vidole bila kukwaruza. Halafu shikilia koni kwa spana nyembamba unapokaza nati ya nje, la sivyo itakaza na koni pia, na gololi mpya zitaanza kuliwa siku hiyo hiyo.

Kwa anayeendesha Jumapili tu, haya ni mambo ya kujifurahisha. Kwa mchuuzi wa maziwa au mwenye boda boda ya baiskeli, habu ikifa amepoteza pesa na siku ya kazi. Gololi 18 za gurudumu la nyuma hazifiki bei ya tairi. Mwambie fundi wako azibadilishe, na usimame hapo uone akizihesabu.