Mwache mwanao ajibu mwenyewe

Majuzi mama mmoja alimleta kwangu mwanawe wa miaka 16 mwenye ulemavu mdogo wa akili. Kila nilipomwuliza kijana swali, mama ndiye aliyejibu. Nilipomsihi anyamaze kidogo, kijana aliwaza, kisha akasema: “Sikio linauma tangu juzi.”

Wazazi wengi huwafanyia watoto hawa kila kitu. Huo ni upendo, lakini unawalemaza. Wengi wa wenye ulemavu wa akili wana ule wa kiwango cha chini, nao wakifundishwa kwa subira huweza kujipikia, kupanda matatu peke yao na hata kuajiriwa.

Chagua kazi moja, kama kununua mkate. Igawe katika hatua ndogo: kuhesabu pesa, kuvuka barabara, kuagiza, kungoja chenji. Siku za kwanza fuatana naye, baadaye mtazame ukiwa langoni. Akikosea usimkemee, rudieni.

Mfunze pia kuwa mwili ni wake, na kwamba akiguswa vibaya akatae na kukuambia mara moja.

Mzazi, hutaishi milele. Siku utakapoondoka, ni nani atakayemjibia?