Gereji si chumba cha kupangisha

Kuna makala iliyochapishwa ambayo mwandishi wake anatoa hoja hii: mwenye nyumba mjini Garissa akigeuza gereji yake kuwa chumba cha kupangisha, hahitaji ruhusa ya kaunti, maana hajajenga kitu kipya.

Si kweli. Sheria ya mwaka 2019 ya mipango na matumizi ya ardhi haiulizi ukuta ulijengwa lini. Kubadilisha matumizi ya jengo nako ni uendelezaji, na kifungu cha 57 kinataka ruhusa kwanza. Ukikaidi, faini hadi shilingi 500,000, kifungo hadi miezi 2, au vyote viwili.

Eti "kuta ni zile zile"! Basi mwandishi aingie gereji ya mabati saa nane mchana, joto likipita digrii 35, afunge mlango. Dirisha hakuna. Sakafu iko sawa na ua, kwa sababu gari lilitakiwa kuingia bila kizingiti. Mvua kubwa ikinyesha, maji nayo yanaingia hadi chini ya godoro. Waya uliovutwa kwa ajili ya balbu moja sasa unabeba friji na jiko. Gari halikosi pumzi usiku. Mtoto hukosa.

Eti kaunti huchelewesha. Sheria hiyo hiyo inasema usipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, ruhusa inahesabiwa imetolewa. Ukikataliwa, una siku 14 za kukata rufaa. Mwandishi ameyaruka hayo yote.

Wenye nyumba, kabla fundi hajaziba lango la gari, pelekeni ramani kwa afisa wa mipango.