Mama, rudi uwanjani na wenzako
Wanawake wengi wa Kilosa na Mikumi walicheza netiboli shuleni. Kisha zikaja ndoa, watoto, shamba na biashara, mpira ukawekwa kando. Wengine huona aibu kurudi, eti mchezo ni wa wasichana.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki. Jioni tatu za dakika 50 kwenye uwanja wa shule zinatosha.

Netiboli ina faida nyingine. Huruhusiwi kukimbia na mpira, na ukiudaka una sekunde 3 tu za kumpasia mwenzako. Mama aliyezoea kubeba mzigo wa nyumba peke yake hujifunza kumtegemea mwingine, na hugundua kuwa naye anategemewa. Wakipumzika, husemwa yale yasiyosemwa nyumbani.

Mojawapo ni mkojo kuponyoka mtu anaporuka. Huwapata wengi baada ya kujifungua, lakini hunyamaza. Tatizo hili lina msaada: zoezi la kubana na kuachia misuli inayozuia mkojo, likifanywa kila siku, huwasaidia wengi. Mweleze muuguzi, naye atakuelekeza. Aliyejifungua karibuni apate kwanza ushauri wa kliniki.

Walio Mikumi wamalize mapema, kwani giza likiingia tembo huweza kupita. Nanyi kina baba, kaeni na watoto saa hiyo moja.