Mshtuko si Shinikizo Tu

Mwanafunzi wa Kiswahili akiulizwa tofauti kati ya shinikizo na mshtuko, yamkini atajibu kwamba la kwanza ni la wanasiasa na la pili ni la moyo. Katika taaluma ya miamba tofauti hiyo ni nzito zaidi, na mfasiri atakayeipuuza atakuwa ameupotosha ukweli wenyewe.

Mfano bora ni shimo kubwa lililoko Arizona, Marekani, lenye upana wa kilomita 1.2 hivi. Mwaka 1891 mwanajiolojia Grove Karl Gilbert alilichunguza, akahitimisha kwamba lilitokana na mlipuko wa mvuke. Daniel Barringer alishikilia kuwa hilo ni pigo la kimondo, na tangu 1903 akachimba akitafuta bonge la chuma ambalo hakulipata hadi alipofariki mwaka 1929. Kumbe ushahidi ulikuwa ndani ya chembe za mchanga.

Kwatsi, madini yaliyojaa mchangani, ni fuwele ambamo kila atomu ya silikoni imezungukwa na atomu nne za oksijeni. Kimondo kigongapo ardhi, wimbi la mshtuko hupenya mwamba kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, likiwa na shinikizo linalozidi lile la hewa mara laki moja na zaidi. Fuwele haipati wasaa wa kujipanga upya. Hukatwakatwa na mistari myembamba iliyo sambamba. Ikibanwa zaidi, mpangilio wake huvurugika ikawa kioo pasipo hata kuyeyuka. Sehemu nyingine hugeuka koesaiti, au stishovaiti, ambamo kila silikoni huzungukwa na oksijeni sita, na ambayo kwa ujazo uleule huizidi kwatsi uzito kwa zaidi ya nusu.

Koesaiti ilitengenezwa kwanza maabarani na Loring Coes mwaka 1953. Edward Chao, Eugene Shoemaker na mwenzao walipoitambua katika miamba ya Arizona mwaka 1960, hoja ya mvuke ilikosa mashiko.

Hata hivyo, mwaka 1984 koesaiti hiyohiyo ilipatikana katika milima ya Alps, kwenye miamba iliyozama kina kirefu kisha ikapanda tena, wala si kwa pigo la kimondo. Shinikizo kubwa lilikuwepo huko pia; mshtuko haukuwepo. Ndiyo maana watafiti wa mashimo ya vimondo huitafuta zaidi ile mistari sambamba, kwani shinikizo la polepole, hata liwe kubwa vipi, haliichori.