Majibu kwa wanaozizika lebo ndogo

Ukiwataja wanaoendesha lebo ndogo za muziki wa kielektroniki wa majaribio, ule usiojali kama una kiitikio wala kama utachezwa harusini, madai huwa ni yaleyale. Hutolewa kwa kujiamini sana na watu ambao wengi wao hawajawahi kufunga kaseti moja kwenye bahasha na kupanga foleni posta. Mengine yana chembe ya ukweli, ndiyo maana yanaudhi zaidi.

“Siku hizi lebo ya nini? Msanii anapakia mwenyewe.”

Kupakia ni kazi ya dakika kumi, wala hakuna anayebisha. Kazi ya lebo huanza kabla ya hapo na kuendelea miaka mingi baadaye. Kuna mtu anayekaa na saa tatu za rekodi, kisha anamwambia prodyuza kwamba dakika 38 kati ya hizo ndizo albamu na nyingine aziweke kabatini. Kuna kumtafuta fundi wa kumalizia sauti ambaye hatausafisha mkwaruzo uliowekwa makusudi. Kuna kuwaandikia watu wa redio na maduka, kukusanya mirabaha, na kuhakikisha kazi bado inapatikana wakati msanii mwenyewe keshaisahau.

Chukua mfano wa Mego, lebo iliyoanzishwa Vienna mwaka 1994. Moja ya kazi zake za mwanzo kabisa, “Fridge Trax”, ilitengenezwa kwa sauti za majokofu. Mwaka 2001 ikatoa “Endless Summer” ya Fennesz, gitaa lililosagwa ndani ya kompyuta, albamu inayosikilizwa mpaka leo. Mego ilipokwama, Peter Rehberg, mwanamuziki aliyekuwa akiiendesha, akaanza upya mwaka 2006 kwa jina la Editions Mego. Mwaka 2020 lebo hiyo ikatoa “Peel” ya KMRU, kijana wa Nairobi ambaye tayari alikuwa akipakia kazi zake mwenyewe. Kilichobadilika ni masikio yaliyomfikia: kuna watu wanaonunua kitu kwa sababu tu jina la lebo hiyo limeandikwa mgongoni, na uaminifu wa namna hiyo hujengwa toleo baada ya toleo. Mwaka 2023 KMRU alitoa “Dissolution Grip” chini ya lebo yake mwenyewe, OFNOT. Anajua kupakia kuliko wengi wetu, na bado aliona lebo ina kazi.

“Weka Spotify, hela itakuja yenyewe.”

Haiji. Tangu mwaka 2024 Spotify hailipi chochote kwa wimbo ambao haujafikisha michezo 1,000 katika miezi 12, na kazi nyingi za lebo hizi hukaa chini ya mstari huo. Hata zinazouvuka hupimwa kwa kipimo kisichozifaa: mchezo mmoja huhesabiwa msikilizaji akifikisha sekunde 30. Kipande cha dakika 20 cha mvumo mmoja unaobadilika polepole kinalipwa sawa na wimbo wa dakika mbili. Mfumo huo unampa thawabu anayekata muziki wake vipande vipande, na wasanii wa aina hii hawataki kukata.

Ndiyo maana wengi wao huegemea Bandcamp, ambako msikilizaji hununua albamu moja kwa moja. Ukiuza albamu ya dijitali kwa dola 8, Bandcamp huchukua asilimia 15, yaani dola 1.20, kisha yanatoka makato ya malipo. Kinachobaki ni zaidi ya dola sita. Wanunuzi 150 wa aina hiyo wana thamani kubwa kuliko maelfu ya watu wanaopitia tu. Hata hivyo, hapo napo si kwenu: Bandcamp iliuzwa kwa Epic Games mwaka 2022, ikauzwa tena kwa Songtradr mwaka 2023, na karibu nusu ya wafanyakazi wakaachishwa. Mwenye lebo mwenye akili huhifadhi mwenyewe orodha ya anwani za wateja wake.

“Pesa iko kwenye santuri.”

Fahari iko kwenye santuri. Pesa huwa inaingia humo kwanza, na kutoka kwake ni majaliwa. Kukata masta na kutengeneza vibao vya chuma vya kufyatulia hugharimu kilekile, ufyatue nakala 100 au 1,000, kwa hiyo mwenye nakala chache ndiye anayelipa ghali kwa kila moja. Zamani Nairobi kulikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Leo lebo ya Afrika Mashariki hulipia meli au ndege pia. Kuna pia ajali zisizokuhusu: Februari 2020 kiwanda cha Apollo Masters huko California kiliteketea kwa moto, na kilikuwa kimoja kati ya viwili tu duniani vilivyotengeneza sahani za kukatia masta. Msambazaji naye anaweza kukuzamisha. EFA wa Ujerumani alipofilisika mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mille Plateaux ya Frankfurt, iliyokuwa na jina kubwa katika muziki huu, ilianguka pamoja naye. Kaseti 50 zinazokwisha zote ni biashara bora kuliko santuri 300 zilizojaa chini ya kitanda.

“Huo si muziki, ni kompyuta inajichezea.” Hili nalipita. Anayeliamini apewe programu ya FL Studio na juma zima, alete biti moja ya singeli, muziki wa kasi wa mitaa ya Dar es Salaam, inayokwenda mapigo zaidi ya 200 kwa dakika bila kuanguka.

“Lebo hizi ni Wazungu wanaouza sauti za Uswahilini.”

Hapa panahitaji utulivu, maana kuna kitu. Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilianzishwa na wageni wawili waliohamia Uganda, Arlen Dilsizian na Derek Debru. Mwaka 2017 ilitoa “Sounds of Sisso”, mkusanyiko wa singeli kutoka studio ya Sisso, Dar es Salaam. Singeli haikuzaliwa siku hiyo. Ilikuwa inatikisa sherehe za vigodoro za Manzese na Mburahati muda mrefu, ikitokana na muziki wa mchiriku, na haikuwa inasubiri kibali cha Ulaya. Anayesema lebo “iligundua” singeli anastahili kuchekwa.

Lakini tazama kilichofuata. Mtaani, jina kubwa ni la anayeshika kipaza sauti. Prodyuza hubaki mtu wa chumbani. Lebo hii ikatoa albamu kwa majina ya maprodyuza: “Poaa” ya Bamba Pana mwaka 2018, kisha mwaka 2019 “Tatizo Pesa” ya Jay Mitta (jina la albamu ambalo mwenye lebo yoyote angeweza kulibandika mlangoni), “Uingizaji Hewa” ya Duke na “Mateso” ya Sisso. Mwaka 2022 ikaja “Sounds of Pamoja”, kutoka studio ya Duke mwenyewe. Vijana hao wakaitwa kwenye majukwaa ya matamasha ya nje kwa majina yao.

Lawama ya maana haipo kwenye rangi ya anayesaini. Ipo kwenye maswali ambayo wapiga kelele hawayaulizi: masta ni mali ya nani, kwa miaka mingapi, msanii anapata fungu gani, na hesabu anaziona lini? Maswali hayo aulizwe mgeni, na aulizwe pia mwenye studio wa Tandale.

“Sisi ni marafiki, mkataba wa nini?”

Mkataba ni wa siku ambayo urafiki haupo, au rafiki hayupo. Lebo nyingi za aina hii hugawana nusu kwa nusu baada ya gharama kurudi. Vizuri, ila gharama zipi? Kava na kufyatua, sawa. Nauli ya mwenye lebo kwenda Berlin, hapana, na iandikwe. Lebo ipewe leseni ya miaka kadhaa, isichukue masta moja kwa moja, na hesabu zitolewe angalau mara mbili kwa mwaka hata kama ni sifuri.

Kisha kuna kifo. Rehberg alifariki Julai 2021 akiwa na miaka 53. Lebo ya mtu mmoja ina nywila kichwani mwa mtu mmoja. Upande wa pili, babu yake KMRU, mwanamuziki Joseph Kamaru, alifariki mwaka 2018, na mjukuu ndiye anayezitoa upya rekodi zake. Si kila msanii ana mjukuu wa namna hiyo. Kipengele cha kusema haki zinarudi kwa nani lebo ikifungwa au mwenyewe akifa hakizidi mistari mitatu, na katika mikataba mingi ya kirafiki hakimo kabisa.