KIPIMO NI HAKI YA MWANANCHI

Hisabati ya pembetatu, ambayo wataalamu huiita trigonometria, imehesabiwa kwa muda mrefu kuwa ni elimu ya kufaulia mitihani tu. Mwanafunzi huyakariri majina ya saini, kosaini na tanjenti, hujaza karatasi, kisha huyasahau siku ile ile atokapo katika chumba cha mtihani. Fikira hiyo ni potofu, na hasara yake huwafika wakulima wa Kibimba kama inavyowafika wavuvi wa Bumbire, Goziba na Kerebe.

Nchi ya Ngara na Biharamulo ni nchi ya vilima, mabonde na mito. Aghalabu kipimo kinachotakiwa kimo ng'ambo, mahali ambapo kamba haifiki. Tuseme wanakijiji wanataka kujua upana wa mto kabla ya kuomba daraja. Mtu mmoja husimama ukingoni, akalenga mti ulio ng'ambo mkabala naye. Kisha hufuata ukingo, kwa pembe mraba na mstari ule, hata atimize mita 50. Hapo hupima pembe iliyopo baina ya ukingo na mti. Ikiwa ni nyuzi 58, jedwali la hesabu humwambia kuwa tanjenti yake ni 1.6. Basi upana wa mto ni 50 mara 1.6, yaani mita 80, naye hakulowesha hata unyayo.

Njia hiyo hiyo hugeuzwa ikatafuta pembe. Barabara inayopanda mita 10 kwa kila mita 100 za usawa ina tanjenti ya 0.1, jedwali likisomwa kinyumenyume hutoa karibu nyuzi 5.7. Mjumbe wa halmashauri ajuaye hayo hatababaishwa na mkandarasi.

Na visiwani je? Watu wawili waliosimama pwani, mita 600 baina yao, wauone mtumbwi uliokwama ziwani. Wa kwanza apime nyuzi 70 kutoka mstari unaowaunganisha, wa pili apime 65. Kwa kuwa pembe zote za pembetatu hutimia 180, pembe ya mtumbwini ni 45. Zidisha 600 kwa saini ya 65, kisha gawanya kwa saini ya 45: mtumbwi uko mita 769 kutoka kwa yule wa kwanza. Waokoaji wakijua uelekeo na umbali hawaendi kwa kubahatisha.

Hii si elimu ya kigeni kwetu. Al-Biruni, mwanachuoni wa karne ya 11, aliukadiria ukubwa wa dunia kwa kupima urefu wa mlima na pembe ya upeo wa macho kutoka kileleni. Neno saini lenyewe lilipitia Kiarabu, jaib, kabla ya kutafsiriwa kwa Kilatini. Katika bara letu, mwaka 1879 mwanafalaki David Gill alipendekeza mnyororo wa pembetatu upimwe kufuata nyuzi 30 za mashariki, kutoka kusini hata kaskazini mwa Afrika. Sehemu ya Uganda ilipimwa mwaka 1908 na 1909; kazi ya Tanganyika iliongozwa na Martin Hotine baina ya mwaka 1931 na 1933; kiungo cha mwisho, katika Sudan, kilikamilika mwaka 1954. Siri ya kazi hiyo ilikuwa ndogo: pima upande mmoja kwa uangalifu mkubwa, kisha pima pembe, na pande zilizosalia zitapatikana kwa hesabu. Kutokana na mnyororo huo ulizaliwa msingi wa upimaji uitwao Arc 1960, ambao ramani nyingi za Tanzania zilichorwa juu yake.

Watakuwapo watakaosema kwamba siku hizi simu na setilaiti zimemaliza maneno. Hapana shaka vyombo hivyo vina manufaa makubwa. Lakini chombo hutoa jibu tu. Hakimpi mwananchi uwezo wa kulihakiki. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imekipa kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi yake na kupata cheti baada ya mipaka kukubaliwa. Mipaka hiyo ikiwa ni tarakimu ambazo hakuna hata mmoja kijijini awezaye kuzisoma, ugomvi wa majirani utaamuliwa na mwenye sauti kubwa. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo tunawaomba wahusika mambo matatu. Kwanza, maofisa elimu wahakikishe kuwa somo hili linatoka nje ya darasa. Kamba iliyotiwa alama, ubao wenye nyuzi na uzi wenye jiwe havihitaji fedha za kigeni. Katika sekondari somo hufundishwa kwa Kiingereza. Hiyo ni sababu zaidi ya kumpeleka kijana uwanjani, ili jambo lenyewe limweleze pale lugha inapomshinda. Pili, maofisa ardhi wawaeleze wananchi katika mkutano mkuu wa kijiji jinsi vipimo vilivyopatikana, na waache nakala ya mchoro wenye pande na pembe zake. Tatu, wananchi wazilinde nguzo za upimaji zilizo vilimani. Mwenye kuing'oa kwa kudhani ameficha Mjerumani mali chini yake hapati dhahabu. Hupata kosa mbele ya sheria, na huwapotezea jirani zake ushahidi wa mipaka yao.

Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka shule imwandae kijana kwa maisha ya jamii yake. Kijana atokaye shuleni naye hawezi kuupima mto wa kijiji chake, elimu hiyo bado ni deni. Deni hilo lipo kwa maofisa wetu, nalo lianze kulipwa katika muhula ujao.