Bastola mkobani, na hatari yenye ufunguo wa nyumba

Nyarutarama, wilayani Gasabo, ni miongoni mwa mitaa inayotajwa kwanza yanapozungumziwa makazi ya kifahari mjini Kigali: nyumba zenye ua mpana, uwanja wa gofu, makazi ya wanadiplomasia na walinzi malangoni usiku na mchana. Wakazi wake wengi wamewahi kuishi ng'ambo au wana jamaa huko, na mijadala ya Marekani haichelewi kuwafikia. Mmoja wa mijadala hiyo unahusu wanawake na silaha. Ni bastola ipi inayomfaa mwanamke, ndogo ya kutosha kufichwa mkobani au chini ya nguo, na nyepesi ya kutosha kubebwa kutwa bila kumchosha?

Kwa Rwanda swali hilo laweza kuonekana la kigeni. Chini yake, hata hivyo, kuna maswali mengine mawili yanayoihusu kila nyumba ya Kigali: mwanamke mwenye hofu ajikinge na nini, na je, anamhofia nani?

Soko lenye historia

Mwaka 1989 kampuni ya Smith & Wesson ya Marekani ilianza kuuza bastola za LadySmith, zilizotengenezwa na kutangazwa kwa ajili ya wanawake. Soko hilo limepanuka tangu wakati huo. Hivi leo zaidi ya nusu ya majimbo 50 ya Marekani yanamruhusu mtu mzima asiye na kizuizi cha kisheria kubeba bastola iliyofichwa bila kibali. Juni 2022 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kuwa raia ana haki ya kikatiba ya kubeba bastola nje ya nyumba yake ili kujilinda.

Mnunuzi mwanamke huelezwa mambo ya kuzingatia. Mpini uenee kiganjani mwake, kidole kikifikie kifyatulio bila kulazimishwa, na silaha isijichore kwenye nguo. Hapo ndipo ugumu wa kwanza hujitokeza. Kadiri bastola inavyokuwa ndogo na nyepesi, ndivyo inavyorusha mkono kwa nguvu inapofyatuliwa, na ndivyo inavyokuwa vigumu kulenga shabaha. Ile iliyo rahisi kubeba mara nyingi ndiyo iliyo ngumu kutumia. Ugumu wa pili ni mahali pa kuiweka. Bastola ya mkobani hutengana na mwenyewe kila mkoba unapowekwa juu ya kiti, unapoporwa njiani au unapopekuliwa na mtoto anayetafuta peremende.

Sheria inasemaje

Nchini Rwanda, mjadala huo hukutana kwanza na sheria. Sheria namba 56/2018 ya tarehe 13 Agosti 2018 kuhusu silaha hairuhusu mtu kumiliki bunduki wala bastola bila leseni ya mamlaka husika. Bastola si bidhaa ambayo mtu huingia dukani, akailinganisha na nyingine kiganjani na kuondoka nayo. Makadirio ya taasisi ya Small Arms Survey ya mwaka 2017 yaliiweka Rwanda chini ya silaha moja mikononi mwa raia kwa kila watu 100. Marekani ilikadiriwa kuwa na silaha 120 kwa idadi hiyohiyo ya watu.

Msimamo huo ni wa kikanda pia. Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa saini tarehe 21 Aprili 2004 na mataifa ya Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, ikiwamo Rwanda, inazitaka nchi wanachama kupiga marufuku kabisa raia kumiliki bunduki za kivita, na kuziweka silaha nyingine ndogo chini ya udhibiti wa leseni na kumbukumbu za serikali. Mwishoni mwa mwaka 2018 Kenya iliwataka raia wote wenye leseni za silaha wahakikiwe upya. Katika eneo lililozungukwa na vita vya miaka mingi, serikali hizi zinajua kwamba silaha haikai mahali pamoja: huibwa, huazimwa, huuzwa.

Hata hivyo, sheria peke yake haiondoi hatari. Novemba 2024 askari mmoja wa jeshi la Rwanda aliwaua kwa risasi watu watano katika baa wilayani Nyamasheke, na mwezi uliofuata mahakama ya kijeshi ikamhukumu kifungo cha maisha. Silaha ile ilikuwa ya kazi, mikononi mwa mtu aliyefunzwa kuitumia.

Ni nani anayeua wanawake?

Hoja ya bastola ya mkobani husimama juu ya picha moja: mtu asiyejulikana, gizani, anamvamia mwanamke aliye peke yake. Picha hiyo ina ukweli wake, lakini haielezi sehemu kubwa ya vifo. Kwa mujibu wa ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa Novemba 2024, wanawake na wasichana wapatao 85,000 waliuawa kwa makusudi duniani mwaka 2023. Kati yao 51,100, yaani asilimia 60, waliuawa na wenzi wao au watu wa familia zao. Afrika ndiyo iliyokuwa na idadi kubwa zaidi ya mauaji hayo ya nyumbani, takribani 21,700.

Rwanda nayo ina takwimu zake. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2019 na 2020 ulionyesha kuwa asilimia 37 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipotimiza miaka 15. Kwa wanawake waliowahi kuolewa, asilimia 46 walisema wamepata kutendewa ukatili wa kimwili, kingono au kihisia na mume au mwenzi. Mtendaji, mara nyingi, hahitaji kuvunja lango wala kumpita mlinzi. Ana ufunguo.

Mbele ya mtu wa namna hiyo bastola hubadilika maana. Anajua inawekwa wapi. Analala karibu nayo. Huenda ana nguvu za kuinyakua kabla mwenye leseni hajaigusa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwafuatilia watu wazima milioni 17.6 wa jimbo la California, na mwaka 2022 wakatangaza kuwa wale walioishi na mtu mwenye bastola waliuawa kwa risasi na wenzi wao nyumbani kwa kiwango cha mara saba kuliko majirani zao wasio na silaha ndani. Asilimia 84 ya waliouawa hivyo walikuwa wanawake.

Utafiti mwingine wa chuo hichohicho, wa mwaka 2020, uliwahusu wenye silaha wenyewe. Wanawake waliomiliki bastola walikuwa na uwezekano wa kujiua kwa risasi zaidi ya mara 35 kuliko wanawake wasiomiliki. Saa ya kukata tamaa huja na kupita, lakini risasi haimpi mtu nafasi ya kubadili nia. Katika nchi ambayo familia nyingi bado zinauguza majeraha ya moyo yaliyoachwa na Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, tahadhari hiyo haiwezi kupuuzwa.

Somo la Pretoria

Afrika inao mfano unaofanana sana na mazingira ya Nyarutarama. Alfajiri ya tarehe 14 Februari 2013, ndani ya makazi yenye ukuta na walinzi mjini Pretoria, mwanariadha Oscar Pistorius alimpiga risasi mpenzi wake, Reeva Steenkamp, kupitia mlango wa choo uliofungwa. Alijitetea kuwa alidhani ni mvamizi. Mahakama ya Rufaa ilimtia hatiani kwa kosa la kuua kwa kukusudia mwaka 2015, na Januari 2024 aliachiliwa kwa masharti. Bastola ile ilikuwa na leseni. Ilihifadhiwa nyumbani kwa sababu ileile inayotolewa na kila mnunuzi: kumkinga mwenye nyumba dhidi ya mtu wa nje.

Afrika Kusini imetoa pia funzo la upande wa pili. Baada ya sheria ya kudhibiti silaha ya mwaka 2000 kuanza kutekelezwa, Baraza la Utafiti wa Tiba la nchi hiyo lilibaini kuwa idadi ya wanawake waliouawa kwa risasi na wenzi wao ilipungua kati ya mwaka 1999 na 2009.

Hoja ya mwanamke aliye njiani

Wapo watakaouliza: na muuguzi anayetoka zamu usiku, au mfanyabiashara anayefunga duka akiwa na mauzo ya kutwa, waambiwe nini? Hofu yao ni ya kweli, na kuwataka wawe wavumilivu si jibu. Januari 2024 maelfu ya Wakenya, wengi wao wanawake, waliandamana mijini kupinga mauaji ya wanawake. Walidai upelelezi wa haraka, mashitaka yasiyokwama na serikali inayoyatambua mauaji hayo kuwa janga. Walichodai ni wajibu wa dola. Kumkabidhi kila mwanamke bastola kungekuwa sawa na kumrudishia wajibu huo aubebe peke yake.

Nchini Rwanda wajibu huo una anwani. Mwaka 2009 kituo cha kwanza cha Isange kilifunguliwa katika hospitali ya polisi ya Kacyiru, si mbali na Nyarutarama, na leo vituo vya aina hiyo vimeenea katika hospitali za wilaya kote nchini. Jina lenyewe, kwa Kinyarwanda, ni neno la kumkaribisha mtu ajione yuko nyumbani. Aliyetendewa ukatili hupata hapo, bila malipo, daktari, mshauri wa kisaikolojia na mpelelezi, bila kuzungushwa kutoka ofisi moja hadi nyingine huku ushahidi ukipotea. Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia na kuadhibu ukatili wa kijinsia ndiyo inayoipa kazi hiyo meno.

Pamoja na hayo, kituo hakiwezi kumsaidia asiyefika. Usemi wa Kinyarwanda "ni ko zubakwa", yaani ndivyo ndoa zinavyojengwa, bado huwarudisha wanawake wengi kimya kwa waume wanaowapiga. Katika mitaa ya nyumba zilizobanana kama Biryogo, kelele za usiku hupenya ukuta na jirani akabisha hodi. Katika ua mpana wa Nyarutarama kelele huishia bustanini. Mlinzi wa lango huajiriwa na mwenye nyumba, na si rahisi kwake kumripoti anayemlipa. Fedha zilizonunua ukuta mrefu zimenunua pia ukimya, na mke asiye na kipato chake hujiuliza atalala wapi kesho endapo atafungua mdomo.

Kwa sababu hiyo, kipimo cha usalama wa mwanamke katika mtaa huu kinapaswa kuwa cha kawaida kabisa: kama mlinzi na mfanyakazi wa nyumbani wanajua namba ya kupiga na wanaweza kuipiga bila kufukuzwa kazi, kama jirani anajua jina la jirani yake, na kama mikutano ya mtaa ya jioni ya familia inahudhuriwa na wenye magari makubwa jinsi inavyohudhuriwa na wenye nyumba za kupanga.

Namba 3512 hupokea bila malipo taarifa za ukatili wa kijinsia. Kwa dharura, polisi hupatikana kwa 112 na Ofisi ya Upelelezi ya Rwanda, RIB, kwa 166. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, na mwanamke wa Nyamirambo, Rubavu au Rusizi anayeweza kueleza masaibu yake vizuri zaidi kwa lugha hiyo hapaswi kuona haya kuitumia anapopiga simu au anapofika Isange.